Kiungio cha Kongosho Kinapoziba: Matibabu ya Endoskopi na Mgonjwa wa Nyanchwa

Upasuaji wa Whipple ni miongoni mwa upasuaji mzito zaidi unaofanywa tumboni. Daktari huondoa kichwa cha kongosho pamoja na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba inayokizunguka, kibofu cha nyongo, kipande cha mfereji wa nyongo na, mara nyingine, sehemu ya mfuko wa tumbo. Kisha huunga upya kilichobaki: kongosho kwa utumbo, mfereji wa nyongo kwa utumbo, mfuko wa tumbo kwa utumbo. Kati ya viungio hivyo vitatu, cha kongosho ndicho kinachowakosesha madaktari usingizi. Mgonjwa akivuka wiki za mwanzo bila kiungio hicho kuvuja, na majibu ya maabara yakionyesha kuwa uvimbe umetoka wote, familia hushukuru Mungu na maisha huendelea. Ila kwa wagonjwa wachache, mwaka mmoja, miwili au hata mitano baadaye, kiungio kilekile ambacho hakikuvuja huanza kusinyaa hadi kuziba.

Mtu kama huyo, akiwa anaishi Nyanchwa, kwenye mlima unaoutazama mji wa Kisii, atatibiwaje? Siku hizi madaktari wengi wa fani hii hufikiria kwanza endoskopi, yaani kuzibua kiungio kwa vifaa vinavyopitishwa mdomoni bila kumpasua mtu tena. Wana haki. Lakini endoskopi hiyo ni hatua moja katika msururu mrefu, na kwa mgonjwa wa Kisii au Nyamira msururu hukatikia kabla ya hatua hiyo au baada yake, mahali ambapo hapahitaji mashine ya mamilioni. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha, na litaeleweka vizuri tukianza na kiungio chenyewe.

Daktari Mjerumani, Walther Kausch, alifanya upasuaji wa aina hii mwaka wa 1909 na kuutolea taarifa mwaka wa 1912. Allen Oldfather Whipple, daktari wa New York aliyezaliwa Urmia, Uajemi, kwa wazazi wamisionari, alichapisha taarifa yake pamoja na wenzake Parsons na Mullins mwaka wa 1935. Wagonjwa wa kwanza wa Whipple hawakuungwa kongosho hata kidogo. Mfereji wake ulifungwa tu, kwa kuogopa kwamba maji ya kongosho yangeumega mshono. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kongosho hutoa zaidi ya lita moja ya maji kila siku, na maji hayo yamejaa vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Mfereji unaoyabeba, kwa mtu mzima mwenye afya, una upana wa milimita 3 hivi, unazidi kidogo tu unene wa njiti ya kiberiti. Kuushona mfereji wa namna hiyo kwenye ukuta wa utumbo, hasa kongosho linapokuwa laini lisiloshika uzi, ni kazi inayopima mkono wa daktari yeyote. Miaka iliyofuata madaktari walijifunza kuunga, viungio vikaacha kuvuja kwa wingi, wagonjwa wakaishi muda mrefu zaidi. Hapo ndipo tatizo la kuziba lilipopata nafasi ya kuonekana, kwa kuwa kovu huhitaji muda ili lijivute.

Ni wangapi hupatwa? Taarifa za hospitali mbalimbali duniani hutofautiana, kuanzia chini ya wagonjwa 2 hadi 11 hivi katika kila 100 waliopasuliwa. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na hesabu yenyewe: anayehesabu kila mfereji uliopanuka kwenye picha atapata wengi, na anayehesabu waliokuja wakilia maumivu atapata wachache. Lolote liwalo, tunazungumzia watu wachache kutoka katika kundi ambalo lenyewe ni dogo. Uchache huo nitaurudia, maana ndio unaoamua mashine iwekwe wapi.

Kiungio kikiziba, maji ya kongosho hayana pa kwenda. Mfereji hutanuka nyuma ya kizuizi, shinikizo hupanda, na kipande cha kongosho kilichobaki huvimba mara kwa mara. Mgonjwa husikia maumivu juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, mara nyingi baada ya kula. Upande wa pili wa kizuizi chakula hakipati vimeng'enya, kwa hiyo mafuta hupita bila kusagwa. Kinyesi huwa na rangi ya kupauka, huelea, hunuka kupita kawaida na huacha utando wa mafuta majini. Katika eneo ambalo parachichi huokotwa chini ya mti na watoto, mtu huyu hula nusu ya tunda na kulipia usiku kucha. Uzito hushuka. Baadaye sukari inaweza kupanda kwa sababu kongosho lililobaki linachakaa.

Sasa mfuate mgonjwa huyo anapoteremka mlima kutafuta matibabu. Maumivu ya juu ya kitovu katika zahanati na maduka ya dawa ya Kenya yana jina moja: vidonda vya tumbo. Atapimwa bakteria wa tumboni, atapewa mchanganyiko wa dawa wa wiki mbili, ataendelea na omeprazoli. Maumivu yakirudi na homa kidogo, atapimwa taifodi, na kipimo kile cha damu kinachotoa majibu ya uongo kwa urahisi kitasema anayo. Simlaumu mhudumu wa zahanati, kwa kuwa katika kila watu mia wenye maumivu hayo, karibu wote hawana ugonjwa ninaouandikia hapa. Kinachomtofautisha huyu mmoja kiko wazi juu ya ngozi yake: kovu refu la upasuaji tumboni. Swali moja tu, "Mama, hapa ulipasuliwa nini na lini?", lingemwondoa kwenye foleni ya vidonda na kumweka kwenye foleni ya rufaa. Mgonjwa aliyewahi kupasuliwa kongosho, akapata maumivu yanayojirudia, kinyesi cha mafuta, au sukari mpya, anastahili kupigwa picha ya kongosho kabla ya kuongezewa pakiti nyingine ya dawa za vidonda. Kipimo cha lipasi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye damu husaidia akiwa katikati ya maumivu, lakini kikitoka kawaida kisitumiwe kumrudisha nyumbani, kwa sababu kongosho lililochoka kwa muda mrefu huenda lisipandishe kipimo hicho.

Picha nayo ina mitego. CT huonyesha mfereji uliotanuka na huonyesha kama uvimbe umerudi, na hilo la pili ni lazima lijulikane kwanza. Kiungio kilichozibwa na saratani iliyorudi na kiungio kilichozibwa na kovu vyote huonyesha mfereji mpana, lakini matibabu yake hayafanani. MRI ya mifereji ya nyongo na kongosho huonyesha kiungio vizuri zaidi, hasa mgonjwa akidungwa homoni ya sikretini inayolifanya kongosho litoe maji wakati picha inapigwa. Maji yakionekana kumiminika utumboni, kiungio kiko wazi hata kama mfereji ni mpana. Kuna watu wengi wenye mfereji mpana wasio na maumivu yoyote, na hao hawahitaji kuguswa. Nalisisitiza hili kwa sababu ukishakuwa na picha mkononi ni rahisi kuitibu picha badala ya mtu, na matibabu haya yana madhara ya kweli.

Endoskopi ya kongosho ina historia fupi. Mwaka wa 1968 William McCune na wenzake, jijini Washington, walitoa taarifa ya kuingiza mrija kupitia kamera hadi kwenye mlango ambapo mifereji ya nyongo na kongosho humiminika utumboni. Mwaka wa 1974 madaktari wa Ujerumani na Japani, kila upande kivyake, walionyesha kwamba mlango huo unaweza kukatwa kwa waya wa umeme kupitia kamera hiyohiyo. Kutoka hapo ikazaliwa ERCP, yaani matibabu ya mifereji hiyo kwa kamera, ambayo leo hutoa mawe ya nyongo na kuweka stenti, yaani mrija mdogo wa kuacha njia wazi, kwa wagonjwa wenye manjano ya kuziba, na inafanywa katika hospitali kadhaa kubwa za Nairobi.

Kwa hiyo mtu wa Kisii akiambiwa "ERCP ipo Nairobi" anaweza kudhani shida yake imekwisha. Haijaisha. ERCP ya kawaida hutegemea mlango ule wa asili, na Whipple huuondoa pamoja na utumbo uliouzunguka. Kiungio kipya kiko mwisho wa kitanzi cha utumbo kilichopandishwa juu. Kamera lazima ipite kwenye mfuko wa tumbo, ishike njia sahihi kati ya mbili pale mfuko ulipoungwa kwa utumbo, ipande kitanzi kilichojikunja na kushikamana na makovu, ikutane kwanza na kiungio cha nyongo, halafu isonge mbele sentimita chache hadi ncha iliyofungwa. Hapo itafute tundu la kongosho, ambalo kwa mgonjwa wetu limeziba, kwa hiyo ni kinukta cheupe kilichojificha nyuma ya kunjo la utumbo, au hakionekani kabisa.

Mjapani Hironori Yamamoto aliwarahisishia madaktari safari hiyo mwaka wa 2001, alipotoa taarifa ya kamera yenye maputo mawili yanayojazwa na kupunguzwa hewa kwa zamu ili kuukusanya utumbo juu ya mrija. Kamera kama hiyo hufika mbali. Lakini kufika si kuingia. Mwaka wa 2006 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo yao ya ERCP kwa watu waliokwisha kufanyiwa Whipple. Waliotafutiwa mfereji wa nyongo walifanikiwa kwa asilimia 84. Waliotafutiwa mfereji wa kongosho walifanikiwa kwa asilimia 8. Hospitali ni moja na wagonjwa ni wa aina moja, na bado viungio viwili vilivyo jirani vilitoa matokeo yasiyokaribiana. Anayesoma tarakimu hizo aachane na wazo kwamba kamera ndefu pekee itatosha.

Njia iliyobadilisha mambo haipandi kitanzi. Kipande cha kongosho kilichobaki hulala nyuma ya mfuko wa tumbo, na kati yao kuna ukuta tu. Kamera yenye kifaa cha altrasaundi kwenye ncha yake, ikisimama ndani ya mfuko wa tumbo, huliona kongosho na mfereji uliotanuka kama ufa mweusi. Mwaka wa 2002 madaktari wa Ubelgiji na Ufaransa walitoa taarifa ya kuupitishia mfereji huo njia mpya kwenda kwenye mfuko wa tumbo kwa kuongozwa na altrasaundi hiyo.

Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi na mashine ya eksirei huwekwa juu yake. Daktari huutafuta mfereji kwa altrasaundi, huhakikisha hakuna mshipa wa damu njiani, kisha huchoma sindano kupitia ukuta wa mfuko wa tumbo hadi ndani ya mfereji. Anasukuma dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kwa mara ya kwanza ramani yote inajitokeza kwenye skrini: mfereji, kiungio, na mahali ulipokatika mtiririko. Hapo hupitisha waya kwenye sindano na kuisukuma kuelekea kiungio. Waya ikifaulu kupenya kovu na kutokea utumboni, hufuatisha puto jembamba la kupanua, halafu stenti ya plastiki inayovuka kiungio. Mara nyingi stenti hiyo huachwa na ncha moja utumboni na nyingine ndani ya mfuko wa tumbo, ili safari ijayo iweze kufikiwa kwa kamera ya kawaida. Waya ikikataa kupenya, stenti huwekwa kati ya mfereji na mfuko wa tumbo peke yake, na maji ya kongosho hutoka kwa mlango huo mpya. Hatua ngumu kuliko zote ni ndogo kwa macho: pale vifaa vinapobadilishwa juu ya waya, huku shimo la sindano likiwa wazi na maji ya kongosho yakitafuta pa kuvujia.

Mwaka wa 2017 madaktari wa vituo kadhaa vya nchi mbalimbali walilinganisha njia hizi mbili kwa watu waliofanyiwa Whipple. Kwa altrasaundi, kazi ilifanikiwa kiufundi kwa asilimia 92.5. Kwa kamera ya kupanda kitanzi, asilimia 20. Nafuu ya mgonjwa ilifuata mkondo uleule, 87.5 kwa 23. Lakini madhara nayo yalitokea kwa asilimia 35 ya matibabu ya altrasaundi, dhidi ya asilimia 3 hivi upande wa pili, ingawa yalielezwa kuwa mepesi au ya wastani. Utafiti ulikuwa mdogo, matibabu 75 kwa jumla, na uliangalia nyuma kwenye mafaili, kwa hiyo tarakimu zisichukuliwe kama sheria. Hata hivyo zinaniambia jambo moja bila kuyumba. Njia bora ni ile inayodhuru zaidi, na dhara hupungua au huzidi kutegemea aliyeshika sindano na hospitali iliyomzunguka: kama ipo damu ya akiba, kama ipo CT usiku, kama yupo daktari wa upasuaji anayeweza kuufungua mwili ule ule uliokwisha kufunguliwa.

Ndiyo maana sitaki kuona kila kaunti ikinunua kamera ya altrasaundi kwa ajili ya tatizo hili. Kenya imekwisha kulipia somo hilo. Mwaka wa 2015 serikali ya taifa ilianza mpango wa kukodi vifaa vya matibabu, hospitali mbili kwa kila kaunti, na kufikia mwaka wa 2020 Bunge la Seneti lilikuwa likiuchunguza, huku baadhi ya mashine zikiwa zimekaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, vyumba au umeme wa kutosha. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambayo ilianza mwaka wa 1916 kwa kuhudumia wanajeshi wa vita vya dunia, ina foleni za wajawazito, majeruhi wa bodaboda na wagonjwa wa saratani. Kiungio kilichoziba kitaifikia mara chache mno. Daktari anayefanya kazi hii mara moja kwa mwaka hawezi kuwa na mkono mwepesi, awe amesomea wapi.

Mfano wa namna ujuzi unavyoota mizizi uko jirani. Kutoka Kisii ukipita Keroka, Chebilat na Sotik unafika Bomet, na hapo ipo Hospitali ya Tenwek iliyoanzishwa na wamisionari mwaka wa 1937. Saratani ya umio imewala watu wa nyanda hizi kwa miongo mingi, na wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza hata uji. Kati ya 1999 na 2008 madaktari wa Tenwek waliweka stenti za umio zipatazo 1000, bila kutumia mashine ya eksirei, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 2009 katika jarida la Lancet Oncology. Mwandishi wa kwanza ni Russell White wa Tenwek, na wa mwisho ni Mark Topazian wa Mayo Clinic. Jina la Topazian limo pia kwenye taarifa ile ya 2006 ya asilimia 84 na 8. Daktari aliyeshiriki kuonyesha ugumu wa kiungio cha kongosho Marekani ndiye aliyeshirikiana na watu wa Bomet kuonyesha kwamba stenti ya umio inaweza kurahisishwa hadi ikaenea.

Lakini mafanikio hayo yasinakiliwe kijuujuu. Stenti ya umio ilirahisishwa kwa sababu kizuizi kinaonekana kwa macho ya kamera na kinaweza kupimwa kutoka menoni, na kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi kiasi cha kuunyoosha mkono wa kila daktari aliyefunzwa hapo. Kiungio cha kongosho hakionekani, na bila eksirei waya husukumwa gizani. Somo la Tenwek kwetu ni lile la wingi: ujuzi hukaa panapokuja wagonjwa. Utafiti wa uwezo wa endoskopi Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka wa 2021, Michael Mwachiro wa Tenwek akiwa miongoni mwa waandishi, ulikadiria kwamba uwezo wetu ni kati ya asilimia 1 na 10 ya ule wa nchi tajiri. Kwa uchache huo wa uwezo na wa wagonjwa, nchi nzima ya Kenya inahitaji kituo kimoja au viwili vya kuzibua viungio vya kongosho kwa altrasaundi, vyenye timu isiyobadilishwa kila mwaka, vinavyopokea pia wagonjwa kutoka magharibi mwa Kenya na ng'ambo ya mpaka wa Tanzania na Uganda. Kamera hiyohiyo ina kazi nyingine za kila wiki, kama kuchukua vipande vya uvimbe wa kongosho kwa uchunguzi na kutoa maji yaliyokusanyika baada ya kongosho kuvimba, kwa hiyo haitakaa ikisubiri mgonjwa wa Whipple.

Upasuaji wa pili usidharauliwe pia. Katika mijadala ya kimataifa unatajwa mwishoni, kama njia ya waliokwama. Hapa kwetu huenda ukawa karibu kuliko altrasaundi, kwa kuwa daktari anayefanya Whipple mara kwa mara anaweza kukifungua kiungio na kukiunga upya. Ni kazi ngumu ndani ya makovu, na maumivu hayaondoki kwa kila mtu. Lakini ukifaulu unamwachia mgonjwa kiungio kisicho na stenti. Kwa mtu mwenye nguvu, asiye na saratani, anayeishi mbali na kituo cha endoskopi, ningetaka njia hiyo iwekwe mezani mapema, wala si baada ya safari za miaka miwili.

Kwa sababu stenti ya plastiki ni ahadi ya kurudi. Huziba, husogea, wakati mwingine huanguka. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, na matibabu huweza kuchukua mwaka mzima kabla ya kiungio kukubali kubaki wazi. Familia inayochangisha harambee kwa ajili ya safari ya kwanza mara nyingi haijaambiwa kwamba kuna ya pili, ya tatu na ya nne. Maumivu yakiisha, mgonjwa hujiona amepona, nauli huhamia kwenye karo, na stenti husahaulika ndani yake hadi siku atakayorudi na homa na kongosho lililovimba upya. Bima ya taifa nayo, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, ambayo mfanyakazi huichangia asilimia 2.75 ya mshahara, itamfaa mgonjwa huyu ikiwa itayahesabu matibabu yake kama mfululizo mmoja unaoidhinishwa mara moja, kuanzia kuwekwa stenti hadi kutolewa. Idhini mpya kwa kila safari ni nafasi mpya ya kukatika.

Kati ya safari na safari mgonjwa anaishi nyumbani, na huko kuna matibabu mawili yasiyohitaji kamera. La kwanza ni vimeng'enya vya kapsuli. Hivi humezwa pamoja na chakula, kapsuli ya kwanza mwanzoni mwa mlo, kwa kipimo cha kuanzia cha uniti 25,000 hadi 40,000 za lipasi kwa mlo kamili. Kumeza asubuhi na jioni kama panadoli, mbali na chakula, ni kupoteza dawa ghali. Hapa pana jambo la kusemwa wazi Nyanchwa kuliko mahali pengi. Kapsuli hizi hutengenezwa kutoka kwa kongosho la nguruwe. Waadventista Wasabato walifungua misheni kwenye mlima huu mwanzoni mwa miaka ya 1910, na hadi leo wengi wa majirani hawagusi nyama hiyo, kama wasivyoigusa Waislamu wa mjini. Mgonjwa akigundua mwenyewe kwenye karatasi ndogo ya ndani ya boksi, anaweza kuziacha kimyakimya na kuendelea kukonda, huku daktari akidhani dozi haitoshi. Ni heri aambiwe siku ya kwanza, aelezwe kwamba dawa mbadala yenye nguvu sawa haipatikani kwa urahisi, na apewe muda wa kuongea na mchungaji au imamu wake. Wengi hukubali dawa pale wanapoheshimiwa kwa kuulizwa.

La pili ni kudhibiti sukari. Kisukari kinachotokana na kongosho lililokatwa na kuchakaa hakifanani na kile cha uzito mwingi. Mwili umepoteza insulini na pia homoni inayopandisha sukari inaposhuka, kwa hiyo dozi ya insulini inayomfaa jirani yake inaweza kumwangusha huyu usiku. Akipunguziwa ugali wa wimbi na matoke kwa ushauri wa jumla wa kliniki ya kisukari, huku tayari amekonda kwa kukosa vimeng'enya, atazidi kudhoofika. Huyu anahitaji kula, kumeza kapsuli zake, na kupimwa sukari mara nyingi zaidi.

Kisha ipo karatasi. Uamuzi wote niliouelezea, kama ni kupanda kitanzi, kuchoma kutoka kwenye mfuko wa tumbo au kupasua upya, hutegemea jinsi kiungio kilivyotengenezwa siku ile ya kwanza. Baadhi ya madaktari huliunga kongosho nyuma ya mfuko wa tumbo badala ya utumbo, na mgonjwa wa aina hiyo anaweza kutafutiwa tundu kwa kamera ya kawaida, bila kitanzi cha kupanda. Akifika na barua inayosema tu "alifanyiwa Whipple", timu itaanza kubahatisha. Daktari aliyempasua alikuwa na majibu yote mkononi jioni ile: kongosho liliungwa wapi na kwa mshono gani, mfereji ulikuwa na upana wa milimita ngapi, kongosho lilikuwa laini au gumu, kitanzi kina urefu gani na kilipitishwa upande upi, uvimbe ulikuwa wa aina gani, na kama kuna mrija ulioachwa ndani na tarehe ya kuutoa. Hayo ni mistari sita au saba. Yaandikwe kwenye kadi anayoondoka nayo mgonjwa, yapigwe picha kwa simu ya mtoto wake kabla hawajatoka getini, na nakala itumwe kwa hospitali ya rufaa ya Kisii au Nyamira ambako jina lake litawekwa kwenye daftari la wenye stenti, pamoja na namba ya simu na mwezi anaopaswa kuitwa. Daftari hilo linaweza kushikwa na muuguzi mmoja wa kliniki ya upasuaji, na linaweza kuanza kabla ya kamera yoyote kununuliwa.